Eliakim na Mabwawa Kumi na Mawili

Eliakim alipoteremka kwenye basi pale Tunduma, akirudi kwao baada ya miaka kumi na sita ya pwani, alikuwa na begi moja la nguo na fremu ya chuma ya mraba, nusu mita kila upande, iliyofungwa kamba za nailoni zikaigawa miraba midogo midogo. Mpagazi mmoja akamuuliza dirisha anauza bei gani. Mwenzake akasema dirisha lenyewe halina hata pa kuwekea kioo, alivushe upande wa Zambia huko huenda akampata mjinga wa kulinunua. Eliakim akawajibu kwa upole kwamba si dirisha, ni kifaa cha kuhesabia majani. Wakampisha mara moja, maana mtu akikwambia hivyo mchana kweupe pale stendi, unampa njia yake.

Hayo alinisimulia mwenyewe bila kucheka, na mimi nikacheka kwa niaba yetu wote wawili. Naitwa Nesta, mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi huku Ibaba. Kwetu ni Msangano, bondeni kwenye joto, na nilipopangiwa milima hii ya Ileje nilikuta baridi, ukungu, na watu ambao hawaharakishwi na jambo lolote. Mimi sina subira. Waulizeni wanafunzi wangu. Lakini Eliakim alikuja shuleni siku moja, mwanamume wa miaka hamsini na ushee na viatu vimejaa tope, akaniuliza kama ninacho kitabu chochote chenye namba zilizochanganywa ovyo. Wazazi wengine huja kuniuliza kwa nini mtoto amefeli. Huyu nilimpa kiti.

Aliishia darasa la saba. Alikwenda pwani kutafuta kibarua, akapata kazi ya kubeba mitungi ya hewa kwenye kituo kimoja cha utafiti wa bahari, na kwa kuwa hakuwa mlevi na alihesabu bila kuruka, wakampandisha akawa mhesabuji. Maji yakipwa walikuwa wakishuka ufukweni yeye na watafiti, wanaweka ile fremu juu ya majani yanayoota chini ya bahari, wanahesabu mashina ndani ya kila mraba. Jambo la kwanza alilofundishwa ni kutoiweka fremu pale anapopenda. Mahali pa kuiweka palichaguliwa kwa namba za kubahatisha, hatua kumi na saba kulia, hatua arobaini mbele, hata kama fremu ikiangukia mchanga mtupu.

"Jicho lina tamaa, Mwalimu," aliniambia. "Ukiliachia lichague, litakwenda kwenye majani mengi, halafu utaandika kwamba bahari nzima ina majani mengi."

Alinisimulia pia kisa kilichonikosesha usingizi, mimi niliyedhani najua hesabu. Walitaka kujua kama nanga za boti zinaua yale majani. Wakahesabu ghuba moja yenye boti na ghuba moja isiyo na boti, msimu mzima, fremu mia mbili kila upande. Ghuba ya boti ikawa na majani machache. Mkuu wao, mama mmoja mkali, akazitazama karatasi na kusema kazi ile haifai. Hawakuwa na vipimo mia mbili, walikuwa na ghuba moja dhidi ya ghuba moja, na ghuba mbili hazifanani hata kama boti hazijawahi kuundwa duniani. Ilibidi watafute ghuba nyingi za kila aina, waanze upya. Eliakim alisema siku hiyo alikasirika hadi akakataa kula, na baada ya wiki akaona kwamba hakuna kitu kizuri zaidi alichowahi kuambiwa na mtu.

Alirudi Ibaba kwa sababu mama yake alipooza upande mmoja, na hakuwa na mke wa kumwachia kazi hiyo. Kijiji kikampa jina: Mhesabu Majani. Walilitamka mbele yake, wakiongeza na vicheko, na aliyecheka zaidi ya wote alikuwa dada yake mkubwa, Gwantwa. Gwantwa ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji wa samaki, na sauti yake huvuka bonde bila simu.

Kikundi kina mabwawa kumi na mawili, yamechimbwa kwa jembe kando ya kijito, mengine bondeni na mengine kwenye kona ya mlima. Wanafuga perege. Perege wa Ibaba hawana haraka, wamefanana na wenyeji wao. Mwaka juzi Gwantwa alisikia kwenye semina kwamba samaki wakilishwa soya iliyokaangwa na kusagwa watakua upesi kuliko wanaolishwa pumba za mahindi peke yake. Akarudi na neno hilo kama amepewa mlimani. Alitaka kila kaya itoe debe mbili za soya kwa mwaka, zikasagwe pamoja.

Hapa lazima nieleze soya ni nini kwetu. Kaya ya kawaida hapa huvuna debe tatu hivi. Manesi wa kliniki waliwafundisha akina mama kuitia kwenye uji wa watoto, na mimi naona matokeo yake darasani kwa macho yangu. Mkamwana mmoja wa ukoo wa Eliakim anaitwa Tulinagwe, mke wa Raphaeli, ana binti mdogo aitwaye Goodness, ambaye mwaka uliotangulia mstari wake kwenye kadi ya kliniki ulikuwa unashuka kila mwezi hadi nesi akatishia kumlaza. Uji wa soya ndio uliompandisha. Ukichukua debe mbili katika tatu, nyumba ile inabaki na debe moja mpaka mavuno mengine. Tulinagwe alilijua hilo, na kila mama alilijua.

Eliakim alimwambia dada yake kwamba semina si ushahidi, wajaribu kwanza. Gwantwa akasema haya, jaribu, wewe si ndiye msomi wa majani. Nadhani alisema hivyo ili anyamaze. Hakunyamaza. Kwa miezi minne yule mtu alinitoa nyumbani kila Jumamosi.

Alitumia soya ya shamba lake mwenyewe. Vifaranga vilitoka mahali pamoja, vya umri mmoja, idadi sawa kila bwawa. Kisha akaandika namba za mabwawa kwenye vipande vya karatasi, akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akamwambia Gwantwa afumbe macho na kutoa sita. Hayo sita yatakula soya na pumba, yaliyobaki yatakula pumba tupu. Bwana mmoja akalalamika kwamba bwawa lake zuri limeangukia pumba. Eliakim akamwambia ndiyo maana tumetumia kopo, maana tungekuacha uchague ungelipa bwawa lako soya, na mwisho tusingejua kilichonenepesha samaki ni soya au ni uzuri wa bwawa. Nilimpenda sana siku hiyo, kwa namna ya mwalimu anayempenda mwanafunzi, ingawa ananizidi miaka kumi na tano.

Miezi minne ikaisha, ikafika siku ya kupima. Wanaoingia majini kuvuta wavu ni wanawake, na karibu wote wameolewa katika ukoo wa Eliakim. Raphaeli, kwa mfano, ni mtoto wa marehemu kaka yake, kwa hiyo Eliakim ni baba mkwe wa Tulinagwe sawasawa na kama angemzaa Raphaeli mwenyewe. Na mkamwana wa hapa hamsogelei baba mkwe. Hamtaji jina, hamtazami usoni, hamsemeshi. Akitaka kumpa kitu anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo mzee anakuja kukichukua. Kwa hiyo wanawake walivuta wavu, wakatoa samaki thelathini wa kila bwawa kama walivyoagizwa, wakaweka beseni ukingoni, wakajitenga kando wakageuza migongo. Eliakim akaja na mzani, akapima, akaandika.

Siku ya kwanza alimaliza mabwawa sita. Daftari lake lilikuwa na safu mbili, soya kushoto na pumba kulia, na yeye alishuka na safu ya kushoto kama mtu anavyosoma. Siku ya pili ikatokea msiba upande wa mama yake, akaondoka alfajiri, akanikabidhi mzani. Mabwawa sita ya pumba niliyapima mimi, nimesimama kwenye tope pamoja na wanawake wenzangu, tukicheka na kurushiana maji. Ilikuwa siku nzuri. Naitaja kwa sababu uzuri wake ndio uliotuponza.

Matokeo yalikuwa haya. Samaki wa soya, wastani wa gramu mia na arobaini na mbili. Samaki wa pumba, gramu mia na tisa. Tofauti, gramu thelathini na tatu.

Gwantwa alipiga vigelegele. Eliakim akamzuia. Akasema hata mabwawa kumi na mawili yanayolishwa kitu kimoja, ukiyagawa ovyo mafungu mawili, fungu moja litazidi lingine kidogo, ni bahati tu. Swali ni kama bahati peke yake inaweza kuleta pengo kubwa namna hii. Akaandika wastani wa kila bwawa kwenye karatasi yake, karatasi kumi na mbili, akazitia kwenye lile kopo, akatikisa, akatoa sita bila kuangalia, tukatafuta tofauti kati ya hizo sita na zilizobaki. Gramu nne. Akarudisha zote, akatikisa tena. Gramu kumi na moja. Tukafanya hivyo mara mia moja mbele ya watu, mimi na kikokotoo cha simu, hadi wanaume waliokuwa wakicheka wakaanza kugombania zamu ya kutikisa. Katika mara mia, pengo lilifika thelathini na tatu mara mbili tu.

"Basi si bahati," akasema Eliakim, akaliweka kopo chini.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita Mhesabu Majani. Waliitana kuja kumsalimia. Afisa wa mifugo wa wilaya akasikia, akapiga simu kusema atakuja kuona. Gwantwa alitembea na jina la mdogo wake mdomoni kama yeye ndiye aliyembeba hadi pwani, na mkutano wa kikundi ukapitisha kwamba kila kaya italeta debe mbili za soya Jumamosi ya wiki itakayofuata. Nilifurahi kama aliyefurahi zaidi. Sijawahi kuona hesabu ikiheshimiwa hivyo kijijini.

Siku tatu kabla ya Jumamosi hiyo nilipita kwa Tulinagwe kumpelekea daftari la mtoto wake mkubwa. Nilimkuta anapima soya. Debe mbili zilikuwa zimeshajaa kwenye gunia, na ya tatu ilikuwa kwenye ndoo, haijafika hata ukingoni. Goodness alikuwa amekaa kando yake anachezea zile punje. Tulinagwe aliniuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi na yeyote.

"Mwalimu, samahani. Wale samaki wadogo mliwaandika wapi?"

"Wadogo wapi?"

"Wale wa siku ya baba. Tuliowarudisha majini."

Niliketi kando ya gunia. Nikamwambia anieleze polepole, na akanieleza huku akinishangaa, maana kwake hakukuwa na cha kueleza. Wavu ukipanda na samaki sitini, mnachagua thelathini. Sasa baba mkwe amesimama pale na mzani wake. Utamwekea kisamaki kama kidole kwenye beseni? Ni kumtukana. Hata chakula ungempa kipande kikubwa. Kwa hiyo walichagua wazuri wakamwekea, wadogo wakarudi majini.

"Na siku yangu?" nikauliza.

"Aa, wewe si mwenzetu? Wewe tulikuwa tunakukokotea tu, wanaokuja ndio haohao." Akaacha kupima. "Tulikosea, Mwalimu?"

Hawakukosea hata kidogo. Sisi ndio tuliokosea, watu wawili wenye kalamu. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema, na mara nikajuta, kwa sababu angemwambia nani? Mtu pekee wa kuambiwa ni yule ambaye haruhusiwi kumsemesha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Eliakim. Alikuwa anamlisha mama yake uji kwa kijiko. Nikamwambia yote palepale mlangoni, bila hata kusalimia vizuri, na nilikuwa na hasira, ingawa sijui nilimkasirikia nani. Alimaliza kumlisha mama. Akamfuta mdomo. Akatoka nje akakaa kwenye gogo.

"Soya yote nimeipima mimi," alisema. "Pumba zote umezipima wewe."

"Ndiyo."

"Baharini ningechanganya. Mawili soya, moja pumba, moja soya. Nisingethubutu kushuka na safu moja." Akasugua tope la kiatu chake. "Unajua nilisahau nini, Mwalimu? Nilisahau kwamba hapa mimi ni mkwe wa watu. Majani ya bahari hayana mkwe. Nimepima adabu ya wakamwana wangu, nikaandika samaki."

"Lakini kopo lilisema si bahati."

"Na ni kweli si bahati. Kopo linajua bahati tu. Adabu haliijui." Ndipo alipocheka, kicheko kifupi kibaya, halafu machozi yakamtoka, na mimi nikatazama migomba.

Nitasema wazi nilichofikiria pale, maana nisiposema nitakuwa mnafiki. Nilifikiria kwamba tuliojua kosa hilo ni watatu. Nilifikiria kwamba huenda soya inasaidia kweli, kidogo, na hakuna atakayekufa. Nilifikiria simu ya afisa wa wilaya. Kisha nikakumbuka ile ndoo isiyojaa na mtoto anayechezea punje, nikaona aibu.

Eliakim alikwenda kwanza kwa dada yake, nami nikafuatana naye kwa sababu aliniomba. Gwantwa alisikiliza akiwa amesimama.

"Mdogo wangu," akasema, "ulikuwa unachekwa njia nzima. Na mimi nilikucheka, Mungu anisamehe. Sasa unaheshimiwa. Unataka ukawaambie umekosea?"

"Ndiyo, dada."

"Na mimi je? Nimeshawaambia watu wafunge magunia. Na soya yenyewe huenda ni nzuri kweli."

"Huenda. Sijui. Hilo ndilo nitakalosema, kwamba sijui."

"Huwezi kusema hujui! Umetikisa kopo mara mia mbele za watu!"

Eliakim akamwambia kwamba akinyamaza, Jumamosi watoto wa wakamwana wake watatolewa uji midomoni kwa sababu ya kosa la daftari lake. Alisema hivyo kwa sauti ya chini. Gwantwa akakaa, akaondoa kitambaa kichwani, akakifunga upya, akasema haya, lakini mimi sisimami na wewe. Siku ya Jumamosi alikuja hata hivyo, akakaa mbele kabisa.

Watu walifika na magunia yao. Eliakim akasimama katikati ya magunia yale akaeleza kila kitu, safu mbili za daftari, msiba, mzani, samaki waliorudishwa. Hakumtaja Tulinagwe wala hakuwalaumu wanawake. Alisema, "Kosa ni langu. Walichofanya ni adabu, na mimi nilipaswa kuijua adabu ya kwetu kuliko mtu yeyote." Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Mhesabu Majani!" na kicheko kikalipuka kama vile kilikuwa kimehifadhiwa mahali. Nilimwona Eliakim anakipokea. Hakuinamisha kichwa. Alisubiri kiishe, akaomba jambo moja, kwamba magunia yarudi nyumbani kwa wiki tatu, samaki waendelee kulishwa vilevile kwa soya yake, halafu tupime upya.

Safari hii mtu hakuchagua kitu. Samaki wote wa wavu walimwagwa kwenye pipa la maji, tukatoa mmoja mmoja kwa kikombe kikubwa, na kila wa pili akapimwa, mdogo kwa mkubwa, mpaka thelathini wakatimia. Mfuatano wa kupima mabwawa ulitoka kwenye kopo. Mimi nilipima yote kumi na mawili, na sikujua ni lipi la soya, kwani pipa lilibebwa hadi kwangu nyuma ya migomba likiwa na namba mpya tu, na orodha aliishika Gwantwa, ambaye alisimama nayo kama askari wa benki. Eliakim mwenyewe alikaa nyumbani kwa mama yake siku zote mbili, ili asiheshimiwe.

Soya, gramu mia na kumi na nane. Pumba, gramu mia na kumi na tatu. Pengo la gramu tano.

Tukatikisa kopo mara mia mbele ya watu walewale. Bahati peke yake ilileta gramu tano au zaidi mara thelathini na nane. Hata waliokuwa wamecheka hawakuhitaji kuelezwa. Gwantwa akainuka mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, akatangaza kwamba uamuzi wa soya umefutwa na kila mtu akalishe watoto wake. Sauti yake haikuvuka bonde siku hiyo, lakini ilitosha. Nikaona mabega ya wanawake waliokaa nyuma yakishuka. Mimi nililia kidogo, na sioni sababu ya kuficha.

Afisa wa wilaya alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo, akaambiwa ukweli, akasema basi hakuna haja ya kuja. Kwa hiyo Eliakim alikuwa amepoteza yote aliyoyapata kwa mwezi mmoja, na alionekana kuchoka. Alikusanya karatasi zake akauliza, kama watu wanavyouliza mwishoni mwa mkutano wakitaka kwenda nyumbani, kama kuna mwenye swali.

Tulinagwe akasimama nyuma.

Alikuwa amemgeuzia mgongo, kama inavyotakiwa, akitazama mlimani, na Goodness alikuwa mgongoni kwake, kwa hiyo mtoto ndiye aliyetutazama. Nilidhani anataka kwenda zake. Kisha akasema, kwa sauti iliyoanza chini na kupanda, "Baba, nina swali." Raphaeli, mume wake, akashika kichwa. Bibi mmoja akaguna kwa nguvu. Hakuna aliyewahi kusikia mkamwana akimsemesha baba mkwe mbele ya ukoo, na hata mimi mtu wa bondeni nilihisi hewa imebadilika.

Eliakim alisimama na karatasi zake mkononi. Naye pia akageuka, akampa mgongo, ili wasitazamane. "Uliza," akasema.

"Bwawa la nne, la tisa na la kumi na moja, kwa namba za zamani," akasema Tulinagwe, "yameongoza mara ya kwanza, yameongoza na juzi. Niliangalia ukutani mlipobandika matokeo. Na mawili ni ya soya lakini la tisa ni la pumba tupu. Mengine yanabadilika, hayo hayabadiliki. Kwa nini?"

Nilikimbilia daftari. Ilikuwa kweli. Mimi na Eliakim tulikuwa tumeyatazama mafungu mawili wiki baada ya wiki, na hatukuwahi kutazama bwawa mojamoja.

"Sijui," akasema Eliakim.

Watu wakaguna tena, maana mzee hamwambii mkamwana kwamba hajui. Yeye aliendelea, bado amempa mgongo, na uchovu ulikuwa umemtoka usoni kabisa, ana uso wa mtu aliyeona kitu kinapita chini ya maji. "Sijui. Wewe unayeingia humo, unaonaje?"

"Maji yake hayaumi miguu," akasema Tulinagwe. "Sisi tunaovuta wavu tunajua. Ukiingia la pili au la saba, miguu inakufa ganzi, unatoka mbio. Lakini hayo matatu kina chake ni kifupi, na ukungu unayaacha mapema, jua la asubuhi linayafikia. Mimi naona siyo chakula, baba. Naona ni baridi."

"Na tutafanyaje ili tujue kwa hakika?"

Mama mmoja aliyekaa karibu na Tulinagwe akamvuta nguo akae, naye akautoa ule mkono taratibu, bila ugomvi. Goodness akapiga chafya. Wale wanaume waliokuwa bado wanalichezea kopo wakaliacha.

"Tupime joto la yote kumi na mawili," akasema, "siku nyingi, asubuhi na jioni. Halafu kina cha mengine tukipunguze na mengine tuyaache. Lakini nisichague mimi yapi, wala usichague wewe."

Eliakim alivuta kiti akakaa, mgongo bado umeelekea kwake, akafungua ukurasa usioandikwa kitu. Akamwomba mkamwana wake arudie tangu mwanzo, polepole, ili asiruke neno. Tulinagwe akarudia, na baba mkwe wake akaandika.